Batiri Zikishakufa

Kazi yangu ni kuwawekea watu jua juu ya nyumba. Ndivyo mke wangu anavyoieleza kwa wageni, na mimi sijapata maneno mazuri kuliko hayo. Napanda kwenye mabati, nafunga plaki, yaani zile paneli nyeusi ambazo siku hizi ziko mpaka kwenye vibanda vya kunyolea nywele, nashusha nyaya ndani, naziunganisha na batiri, nawasha taa ya kwanza. Kazi hii nimeifanya hapa Goma tangu watoto wangu wakiwa shule ya msingi. Sasa wawili wameshaanza maisha yao, na mimi bado napanda mabati, nikishuka nashika kiuno.

Mimi si mzaliwa wa hapa. Wazazi wangu ni wa upande wa Bukavu, na nilivuka ziwa kijana ili niwe karani katika duka la vifaa vya ujenzi. Duka lilipoanza kuuza plaki, aliyeziuza hakujua kuzifunga, na wateja walirudi kulalamika. Nikajifunza kwa kuharibu. Baadaye kulikuwa na mafunzo ya siku chache, nikapewa karatasi yenye muhuri, na tangu hapo watu wananiita fundi wa jua. Wazee wa parokia wanasema ninafanya kazi safi. Wananilinganisha na wauza makala, yaani makaa ya miti, ambao makala yao yanatoka kule kwenye mbuga, gunia baada ya gunia, mpaka vilima vingine vimebaki vipara. Kwa miaka mingi nilikubali sifa hiyo bila kubishana.

Plaki inakaa miaka mingi. Inayokufa ni batiri. Mtu anafungiwa taa nne na redio. Baada ya miezi sita ameongeza televisheni, baada ya mwaka kuna friji ya sambaza, wale dagaa wa ziwani, na pasi ya shemeji. Batiri inanyonywa mpaka chini kila siku, na mwaka wa pili au wa tatu haishiki tena. Hapo naitwa. Nafunga mpya, na mwenye nyumba anaionyesha ile ya zamani kwa kidole cha mguu: "Papa, hii utaiondoa, sivyo?" Ninaiondoa. Mwanzoni nilizirudisha dukani, wakaniambia wao wanauza, hawapokei. Kwa hiyo nikawa nazipanga nyuma ya jiko letu.

Mtu wa nchi nyingine atauliza kwa nini sikuzifukia. Goma huwezi kufukia kitu. Tunaishi juu ya mawe ya volkano. Ukitaka shimo la choo unakodi wanaume wenye sururu kwa wiki nzima, na unachopata ni nyufa zinazoteremka mahali usipopajua. Basi batiri zilikaa pale, zikapasuka kwa jua na mvua. Siku moja mke wangu aliinama kuokota kuni, pindo la kitenge chake likagusa maji ya batiri, na kesho yake kitenge kikawa na matundu kama kimeliwa na panya. Akakileta sebuleni, akakitandaza mbele yangu juu ya meza. Kilikuwa kitenge cha harusi ya mdogo wake.

Wiki ileile akapita mtu mwenye chukudu, ile pikipiki yetu ya mbao isiyo na injini, anayezunguka mitaani kununua vyuma vikuukuu. Akazitazama batiri, akazinyanyua moja moja kupima uzito kwa mikono, akasema anazichukua zote. Nilimsaidia kuzipakia. Sikumuuliza anazipeleka wapi. Nakumbuka hasa kwamba nilifikiria kumuuliza, kisha nikaona kamba haijakaza vizuri, nikashughulika na kamba.

Ikawa hivyo kwa miaka. Batiri ninazozitoa zikifika idadi fulani, mtu wa chukudu anapita, nyuma ya jiko panabaki safi, mke wangu akapanda mboga ya lengalenga pale kwenye udongo kidogo tuliouleta kwa magunia.

Jambo ninalotaka kusimulia lilianzia Munigi, huko juu kidogo ya mji kwenye barabara ya Rutshuru. Kuna kituo kidogo cha afya nilichokifungia jua zamani: taa ya chumba cha kuzalishia, na friji ya chanjo. Muuguzi mkuu alinipigia simu kwamba friji haifiki asubuhi. Nikapanda moto, yaani pikipiki ya abiria, na batiri mbili mpya zimefungwa nyuma ya kiti, nikazibadilisha, na ilipofika mchana nilikuwa nimemaliza. Nikaamua kutembea kidogo kwenda chini kutafuta moto wa kurudia, maana mgongo ulikuwa umekaza kwa kubeba.

Nilisikia harufu kabla ya kuona moshi. Ilikuwa tamu kidogo mwanzoni, halafu ikakwaruza koo. Nikapita kati ya kuta mbili za mawe meusi na kuona parseli ndogo, yaani kiwanja, nyumba ya mbao yenye mabati, sitene, tangi la plastiki la kukingia mvua, na mbele ya mlango mama mmoja ameinama kwenye moto wa makala. Alikuwa na umri wa kunizidi kidogo. Juu ya moto palikuwa na karai zito, na ndani yake kitu kinang'aa kama kioo.

"Karibu, papa," akasema bila kugeuka. "Usikaribie sana, inaruka."

"Ni kazi gani hii, mama?"

"Niko nayeyusha. Ni vile vyuma vya kutia kwa nyavu. Watu wa ziwa wananunua, sababu mawe yanakata kamba."

Akachota kwa upawa mrefu, akamimina kwenye safu ya vishimo alivyobonyeza katika majivu mabichi. Mkono wake ulikuwa thabiti, hakumwaga tone. Aliponiona natazama vishimo, akatabasamu, akanionyesha kijiko cha zamani alichovibonyezea. "Hakuna mutu alinifundisha. Wengine wanatengeneza kwa kopo, inatoka kubwa kubwa, inapasua nyavu. Ya kwangu iko laini."

Alinieleza habari zake huku akifanya kazi. Alikuwa mtu wa Kiwanja, alikuwa na depo ya maharagwe pale sokoni, akinunua kwa wakulima na kupakia malori ya kuja Goma. Nyumbani kwao wanazungumza Kinyarwanda, na alipohesabu vyuma vyake alihesabu kwa lugha hiyo, polepole. Mume alikufa kabla ya vita vya mara hii. Vita vilipokuja aliondoka na godoro na sufuria, akakaa kambini, kambi ikavunjwa, akapata pembe hii ya parseli kwa mtu wa kanisa lake. Maharagwe hayakuwezekana tena, barabara ilikuwa ya wenye nguvu. Mtu wa chukudu ndiye aliyempa kazi ya kuyeyusha.

Kisha nikaangalia upande wa pili wa nyumba. Kulikuwa na lundo la batiri zilizopasuliwa kwa shoka, magamba ya plastiki upande mmoja, upande mwingine zile zinazongoja. Maji yake yalikuwa yamemiminwa kwenye ufa wa jiwe, na kando ya ufa hakuna hata jani. Mimi nina mazoea: kila batiri ninayofunga naiandika ubavuni kwa rangi nyeupe, mwezi na mwaka, na mstari mmoja chini yake, ili nijue imeishi muda gani. Kwenye lile lundo niliona mwandiko wangu mara tano au sita kabla sijaacha kuhesabu. Moja ilikuwa ya kile kituo cha afya nilichotoka sasa hivi. Niliikumbuka kwa sababu mstari wake ulipinda. Siku ile mama mmoja alikuwa anajifungua upande wa pili wa pazia na mimi nilikuwa naharakisha.

Yule mama alikuwa amenawa mikono kwa maji kidogo, akachota kikombe kwenye sitene, akanipa. "Kunywa, papa, jua ni kali." Nikakunywa. Nilipokuwa nakunywa nilitazama mabati ya nyumba yake, nikaona yamekuwa na utando wa kijivu, na bomba linaloshuka kutoka kwenye mabati hayo mpaka ndani ya sitene.

Nyumbani nilimweleza mke wangu.

"Na weye ukamwambia nini?" akauliza.

"Sikumwambia."

Akachukua shati langu, akalifua peke yake kwenye beseni la nje, maji akayamwaga mbali na lengalenga.

Nilijua vizuri. Ningependa kuandika kwamba sikujua, ingenipunguzia. Katika yale mafunzo ya siku chache, mwalimu alituambia kwamba ndani ya batiri kuna chuma kizito kinachoingia mwilini taratibu na hakitoki kwa urahisi. Kwamba moshi wake ni mbaya kuliko chenyewe. Kwamba tunawe kabla ya kula. Alisema hayo kwa sentensi mbili tatu, chakula kilipokuwa kinaingia, na sote tukaenda kunawa tukicheka. Kwa miaka yote hiyo nilinawa mikono yangu mwenyewe.

Siku zikapita, kisha wiki. Kila asubuhi nilijiambia nitapanda Munigi, na kila asubuhi kulikuwa na mabati ya mtu. Mtu wa chukudu akapita tena. Nilikuwa na batiri mbili nyuma ya jiko. Mke wangu alikuwa sokoni. Nikamwuzia. Hili sikumwambia mke wangu mpaka mwaka huu.

Nilirudi kule kwa sababu muuguzi aliniita tena, waya ulikuwa umelegea tu. Nilipomaliza, miguu ilinipeleka yenyewe. Moto ulikuwa umezimwa. Yule mama alikuwa amekaa kwenye kizingiti, mkono wa kuume ameulaza juu ya mapaja, kiganja kimeangalia chini.

"Umepotea, papa," akasema.

"Kazi nyingi, mama. Leo hauyeyushi?"

"Mukono umekataa." Akaunyanyua mkono, na ulipofika usawa wa kifua kiganja kikaning'inia. Akajaribu kukiinua, kikabaki vilevile. Alikitazama kama anavyotazamwa mtu aliyekosa adabu mbele ya wageni. "Hauumi ata kidogo. Njo ile inanishangaza. Kinachoniuma ni tumbo. Inanikamata kama mutu anakamua nguo."

"Tangu lini?"

"Tumbo, tangu kitambo. Nilisema ni minyoo, nikakunywa dawa. Mukono, wiki ya pili sasa."

Nilisimamisha moto barabarani, akapanda kati yangu na dereva, tukateremka mjini. Njia nzima alishika ule mkono kwa mkono mwingine. Katika hospitali tulikaa kwenye benchi kwa saa nyingi, maana wakati ule watu walikuwa wengi, wengine wa majeraha, na madaktari wachache. Mara moja aliniuliza kama nina watoto, nikamjibu, akasema ni vizuri.

Daktari alikuwa kijana mwanamke mwenye macho ya mtu asiyelala. Alisikiliza habari ya mkono, akasikiliza ya tumbo, kisha akauliza, "Mama, unafanya kazi gani?" Yule mama akaeleza habari za nyavu. Daktari akavaa glavu, akamvuta mdomo wa chini taratibu, akaangalia ufizi kwa tochi ya simu. Akaniita nami nitazame. Pembezoni mwa meno palikuwa na mstari mwembamba wa buluu nyeusi, kama umechorwa kwa kalamu.

"Ni risasi, mama," daktari akasema. "Iko ndani ya damu yako."

Yule mama akaweka mkono wa kushoto tumboni. "Hapana, dokta. Mimi sijapigwaka risasi. Tulikimbia, zilipita, lakini hazikunipata."

Daktari akafumba macho kidogo. Kwetu neno ni moja, la bunduki na la kile chuma. Akaanza upya, kwa sauti ya chini, akatumia neno la Kifaransa, kisha akaeleza: kile unachoyeyusha, moshi wake unauvuta, vumbi lake unalila, unalinywa. Nikaona yule mama anafuata neno kwa neno. Daktari alipofika kwenye kunywa, mama akageuka kunitazama, si kwa hasira. Alikuwa anakumbuka kikombe.

"Hata huyu papa alikunywa," akasema.

Hapakuwa na mashine ya kupima damu ile hapa mjini. Daktari alisema zamani wangeweza kuipeleka mahali kwa ndege, lakini uwanja ulikuwa umefungwa, na dawa yenyewe ya kukitoa kile chuma hakuwahi kuiona kwa macho. Alichokuwa nacho ni maneno: aache kuyeyusha leo, asinywe tena maji ya sitene ile, ale maharagwe na mboga na maziwa akiyapata, anawe, afue. Mkono unaweza kurudi, alisema. Unaweza. Tumbo litatulia.

Nje, chini ya ukuta wa hospitali, ndipo nilipomweleza. Nilimwambia kwamba batiri nyingi katika lundo lake ni zangu, kwamba niliona mwandiko wangu siku ya kwanza, kwamba nilijua habari za moshi. Nilisema haraka, macho yangu kwenye viatu.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua, mama."

"Na ulikunywa maji yangu."

"Ndiyo."

Akaushika ule mkono. "Sasa nikuulize kitu. Mimi nitaacha. Mukono wenyewe umeshaacha. Lakini hizo batiri zako, nikiacha, zitaenda wapi?"

Nilianza kusema kwamba katika nchi nyingine kuna viwanda vya kuziyeyusha kwa usalama, vyenye mabomba na vichujio. Akaniacha nimalize.

"Na weye," akasema, "utaacha kuzifunga?"

Nikamwambia kile kituo cha afya hakina umeme mwingine. Nguzo za umeme wa maporomoko ya kule juu zimefika mitaa mingine ya mji, na zikifika ni jambo zuri, lakini vita vikikata waya hakuna anayepanda kuunganisha, na kwake Munigi bado waya unapita juu ya vichwa vya watu kwenda kwingine. Bila batiri, friji ya chanjo inazima, na mama wanajifungua kwa tochi ya simu. Nilijisikia nikisema, na kila neno lilikuwa kweli, na niliona haya.

"Njo vile," akasema, kama mtu anayesema ndivyo ilivyo. Akanyanyuka, akatafuta moto wa kurudia.

Jumamosi iliyofuata nilipanda na mke wangu. Yeye ndiye aliyeamua kuja. Alibeba sabuni, brashi mbili, na glavu za mpira. Tulipanda juu ya mabati, mimi na yeye, miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kupanda bati, na tukasugua ule utando wa kijivu kwa maji ya ziwa niliyoyaleta kwa madumu. Tulikata bomba kwanza ili yasiingie kwenye sitene. Kisha tukaifungua sitene. Maji yalikuwa safi kwa macho. Huku Munigi maji ya mvua ni mali. Majirani wawili walitoka kutazama, mmoja akauliza kama tumerukwa na akili. Yule mama akawaeleza kwa Kinyarwanda, kwa sentensi chache, na nikaona mmoja wao anageuka kuangalia bati la nyumba yake mwenyewe, ukuta kwa ukuta na hii.

Tuliyamwaga wapi? Tuliyamwaga pale pale. Yaliingia katika ufa wa jiwe na kutoweka kwa mlio wa kunywa. Mke wangu alisimama akiangalia ule ufa. "Yanaenda ziwani," akasema. Nikamwambia hatujui. "Kila kitu hapa kinateremka ziwani," akasema tena, akainama kuchukua brashi.

Majivu, vumbi na mabaki ya karai tuliyafagia tukayatia katika magunia, gunia moja ndani ya jingine ili yasivuje. Batiri zilizobaki nikazipakia kwenye gari dogo nililoazima. Nilimwambia mtu wa chukudu kwamba kwangu asipite tena. Hakukasirika. Alisema, "Sawa, muzee," na nikamwona anaingia kwa fundi mwenzangu mtaa wa pili.

Nyuma ya jiko letu nikang'oa lengalenga. Nikamwaga saruji, nikainua kingo zake ili maji yasitoke, nikajenga paa la mabati juu yake. Nikanunua chokaa ya kutuliza maji ya batiri pale zinapopasuka. Magunia na batiri vikakaa humo, na vimo mpaka leo. Zile ninazotoa kwa wateja naziongeza. Nimezipanga kwa usafi, kubwa chini, ndogo juu. Niliandika barua kwa ofisi moja inayohusika na mazingira. Karani aliipokea vizuri, akaipiga muhuri, akanirudishia nakala. Niliuliza kwa mafundi wenzangu kama tunaweza kukusanya za mji mzima na kutafuta lori la kuzivusha mpaka kwenye nchi yenye kiwanda. Walinisikiliza, tukakunywa soda. Mmoja akasema mpaka una makaratasi yake, na batiri iliyokufa ni taka ya hatari, haivuki bila kibali, na kibali kinatolewa na mji mkuu, na mji mkuu hauko upande huu wa vita. Alisema kweli. Baadaye nilisikia kwamba kuna mtu mwingine anayeyusha, upande wa Kibumba. Watu wa nyavu bado wanapata vyuma vyao.

Siku hizi wanaleta batiri za aina mpya. Ni nyepesi, unaibeba kwa mkono mmoja, haina maji, haitoi harufu. Mgongo wangu unazipenda. Kijana anayeziuza kwa jumla aliniambia zinaishi miaka kumi. Nikamwuliza, na baada ya kumi? Akafikiri natania. Nikamwuliza zimetengenezwa kwa nini, akataja madini mawili matatu, na moja naijua inachimbwa huku kwetu, upande wa kusini wa nchi, na watu wanaoichimba nimewaona katika picha, wamefunikwa vumbi mpaka kope. "Lakini ni safi, papa," akasema yule kijana. "Hii ni energie propre." Nikanunua nne. Wateja walikuwa wanangoja.

Mimi mwenyewe sikuwahi kupimwa. Mke wangu ananivuta mdomo wa chini mara moja moja, asubuhi dirishani, anaangalia, anauachia.

Yule mama hakurudi kwenye moto. Mtu wa kanisa lake alimkopesha beseni, akaanza kuuza maharagwe yaliyopikwa asubuhi, kwenye njia ya watu wanaoteremka kazini. Anayachota kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kuume ulirudi kidogo, unashika, hauinui. Mvua zilipoanza aliunganisha tena bomba la sitene, na maji ya mwanzo aliyaacha yaende, mara tatu, huku majirani wanamwangalia. Tumbo linamkamata mara moja moja. Kusahau pia, anasema anaanza kuhesabu na kupotea njiani, yeye aliyekuwa anahesabu magunia ya lori zima kichwani. Ninapokuwa njiani kwenda kituo cha afya nasimama kula. Hajawahi kunikaripia. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu angenikaripia.

Mwezi uliopita, baada ya kunipa sahani, alikaa kando yangu kwenye jiwe.

"Papa, niko nataka taa."

Nilidhani sikusikia.

"Taa ya jua. Ndogo. Moja ndani, moja hapa nje ambapo ninapika. Naamka saa kumi ya asubuhi, napika kwa kishumaa, na mukono huu nitaunguza nyumba."

"Mama," nikasema, "itakuwa na batiri."

"Najua itakuwa na batiri. Unadhani nimesahau na hiyo?" Akacheka kidogo, cheko la puani. "Itakaa muda gani?"

"Hizi mpya, wanasema miaka mingi. Mimi sijaona."

"Na ikikufa?"

"Ikikufa nitakuja kuichukua."

"Utaiweka wapi?"

"Nyuma ya jiko. Pamoja na zingine."

Alitafakari akiangalia barabara, ambako malori ya makala yalikuwa yanateremka kutoka juu, yamefungwa kamba mpaka yameinama upande. "Basi njoo siku ya ine," akasema. "Siku ya tatu niko na mazishi."

Siku ya nne, yaani Alhamisi, nilikwenda. Nilipanda kwenye mabati yale niliyoyasugua na mke wangu, nikafunga plaki ndogo, nikatoboa tundu moja, nikaliziba vizuri kwa lami ili mvua isipite. Ndani nilipigilia kisanduku cha batiri juu ya ukuta, mbali na chakula, mbali na maji. Nikawasha. Alisimama chini ya ile taa mchana wa saa sita, nuru yake haionekani kwa sababu ya jua la nje, akainua mkono wa kushoto kuweka kivuli juu ya macho ili aone kama inawaka kweli.

"Inawaka," akasema.

Nikakusanya bisibisi na koleo langu, nikaanza kushuka kuelekea barabarani, polepole, kwa sababu ya magoti.